Mbuni hahitaji bembea

Mbuni ni mnyama wa njiani. Ndivyo tulivyomchukulia sisi tuliokuwa tukiendesha magari ya watalii kati ya hoteli za Mombasa na Tsavo. Mgeni anamwona punde tu baada ya geti la Bachuma, anapiga picha mbili tatu, anauliza kama ni kweli huficha kichwa mchangani, kisha anataka kujua simba wako wapi. Redio ikisema kuna chui amelala juu ya mti karibu na mto Voi, madereva wote wanageuza, na mbuni anabaki kula vumbi. Miaka yote niliyoshika usukani, hakuna mgeni aliyewahi kunipa bakshishi kwa ajili ya mbuni.

Siku hizi amepanda cheo. Mgongo ulipokataa safari ndefu nilihamia Kiembeni, ambako nawafundisha vijana wanaotafuta leseni ya kuongoza watalii, na naona kila anayetaka kufungua pahali pa kujivinjari huku Pwani anaanza na mbuni. Namwelewa. Simba ana masharti mengi na twiga ana gharama. Mbuni anaonekana kutoka barabarani, hajifichi mchana, hangurumi usiku wala hapandi ukuta. (Hili la kunguruma nitalirudia, maana si kweli.) Basi mtu ana ekari tano, anazungusha seng'enge, anaweka bembea, jiko la nyama choma, spika kubwa mbili, na mbuni watatu. Juu ya geti anaandika kwamba hapa ni hifadhi ya wanyamapori.

Niliwahi kualikwa kwenye ufunguzi wa pahali pa namna hiyo, nikawekwa kiti cha mbele kwa heshima ya mvi. Mheshimiwa alikata utepe akasema tunawalindia wajukuu wetu urithi wa taifa. Nyuma yake watoto walikuwa wanamlisha urithi huo chipsi.

Sina ugomvi na bembea, wala na nyama choma. Ugomvi wangu ni na makofi. Ua ulio karibu na mji unaweza kumfunza mtoto mambo ambayo hatayapata darasani, na kwa hilo nitausifu hapa hapa. Lakini mbuni haokolewi ndani ya ekari tano. Anaokolewa, kama ataokolewa, kwenye ardhi pana ya ranchi na malisho iliyo kati ya mbuga na mbuga, na ardhi hiyo ndiyo tunayoikata vipande huku tukipiga makofi kwenye ufunguzi.

Nianze na sifa, maana kuna wanaozistahili.

Aliyezaliwa Mombasa baada ya miaka ya themanini hawezi kuamini Bamburi ilikuwaje. Kiwanda cha saruji kilikuwa kimechimba mawe ya matumbawe kikaacha mashimo meupe, makavu, yenye joto la kuunguza nyayo, na chini yake maji ya chumvi. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyefika hapa mwaka 1959, alianza kupanda miti humo mwaka 1971. Mingi ilikufa. Mvinje ukamudu. Ila majani yake yaliyoanguka hayakuoza, yakabaki yamelala juu ya mawe mwaka hata mwaka, na pasipo kuoza hakuna udongo. Dawa aliyoipata ni jongoo. Aligundua kwamba jongoo wakubwa hawa tunaowaruka njiani hula majani ya mvinje, akawaleta kwa mamia, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa mboji. Baada ya mboji zikaja nyasi, ndege, miti mingine, samaki wa bwawani, mamba, kobe na viboko. Mwaka 1984 watu wakaanza kuruhusiwa kutembea humo kutazama. Kila kipande cha kivuli cha Haller Park kimetengenezwa na mtu aliyekuwa akijua anachofanya, na hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike. Hakuna aliyezungusha seng'enge akaenda kulala.

Dunia iliijua Bamburi kwa sababu nyingine. Tsunami ya Desemba 2004 ilipofika pwani yetu, ndama wa kiboko alionekana amekwama kwenye miamba ya bahari kule Malindi, peke yake. Wavuvi na watu wa mji walimvua kwa nyavu kwa taabu kubwa, akaletwa Haller Park tarehe 27, na jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kujibanza nyuma ya kobe mkubwa aliyeitwa Mzee. Ndama huyo, Owen, akawa halali wala hali mbali na Mzee. Wageni wangu walitoka Ulaya wakiwa na kitabu cha wawili hao mkononi. Kiboko yatima na kobe wa zaidi ya karne moja waliijaza Bamburi watu kuliko tangazo lolote la wizara.

Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya saruji ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania. Nawaomba wenye mali wapya wasiwasahau jongoo. Nasema tu.

Si mbali na hapo kuna Nguuni, uwanda wa nyasi wenye mikoma, wenye pofu, choroa, kuro, twiga, na mbuni. Wanafunzi wangu nawapeleka huko jioni, jua linapopoa. Huko ndiko nilikomwona msichana wa shule moja ya Kisauni, wa darasa la tano hivi, akikabiliana na mbuni jike kwa umbali wa mkono. Mbuni alikuwa amevutiwa na kifungo cha sare yake. Vitu vinavyong'aa humtia wazimu. Alishusha shingo polepole, akageuza kichwa upande ili atazame kwa jicho moja, na jicho lile, ambalo ni kubwa kuliko ubongo wake, lilikuwa na kope ndefu ambazo wasichana wa mjini hununua dukani. Mtoto hakukimbia. Akauliza kwa nini magoti ya mbuni yanapinda kinyumenyume. Nikamwonyesha kwamba lile analoliona katikati ya mguu si goti, ni kifundo. Goti liko juu, limefichwa na manyoya, na mbuni husimama kwa vidole siku zote za maisha yake, tena vidole viwili tu, kimoja kikubwa chenye ukucha unaoweza kumpasua fisi. Mtoto akavua kiatu akasimama kwa vidole, akajaribu kutembea. Mwalimu wake akamfokea, mimi nikamtetea.

Hiyo ndiyo kazi ya Nguuni, na haina bei. Watoto wengi wa Kisauni, Likoni na Changamwe hawajawahi kufika Tsavo, ingawa iko mwendo wa saa mbili tatu kwa barabara. Kodi ya basi la shule, dizeli, kiingilio, chakula cha njiani, mzazi wa boda boda atatoa wapi? Kwa hiyo anayesema mahali hapa padogo ni pa kuchezea tu, hajui anachosema. Pana faida. Lakini faida hiyo ni ya yule mtoto, na mbuni anamlipia.

Maana mbuni, ukimtazama anavyozaa, ndipo unapoona ekari tano ni kitu gani kwake.

Miaka ya sabini watafiti wawili waliwafuata mbuni wa Kenya kwa subira ambayo dereva wa watalii hana: Lewis Hurxthal katika Mbuga ya Nairobi, na Brian Bertram aliyekaa sana Tsavo Magharibi. Waliyoyaona ni haya. Dume hukwangua ardhi kwa miguu na kifua, likatokea shimo la kina kifupi, basi, hicho ndicho kiota. Jike mmoja humkubali na kuwa mke mkubwa. Hutaga yai lake kila baada ya siku moja hivi. Katikati ya siku hizo huja majike wengine, watatu, wanne, hata zaidi, kila mmoja anataga humo na kwenda zake, na mke mkubwa huinuka akawapisha. Kila yai moja lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, sawa na mayai ya kuku kama 24. Kiota hujaa kuliko mwili mmoja unavyoweza kufunika. Hapo ndipo ustadi ulipo. Mke mkubwa huyatambua mayai yake katikati ya yote, na mtu ukiyatazama yote unaona ni meupe, mamoja. Huyaviringisha ya wenzake kwa mdomo hadi ukingoni, akabakisha chini yake kama 20, ya kwake yote yakiwemo. Mayai ya ukingoni ndiyo yatakayookotwa kwanza na mbweha au fisi. Au na tai mweupe wa Misri, ambaye Jane Goodall na mumewe Hugo van Lawick walimtangazia ulimwengu mwaka 1966 kwamba huchukua jiwe mdomoni na kulirusha juu ya yai la mbuni mpaka lipasuke.

Kwa wiki sita jike mwenye manyoya ya rangi ya vumbi hulalia mchana, na dume jeusi hulalia usiku, kila mmoja katika saa ambazo rangi yake haionekani. Akihisi hatari hulaza shingo chini sawasawa na ardhi. Wageni waliouliza habari ya kichwa mchangani niliwajibu hivyo, na wengi hawakufurahi. Na usiku huo dume hunguruma. Sauti hutoka kooni mdomo ukiwa umefungwa, nzito, ya mbali, na nimewaona watu wazima wakihesabu simba kutoka ndani ya hema hali waliokuwa nje ni mbuni.

Viota vingi huliwa kabla ya kuanguliwa. Vifaranga wanaotoka salama, wengi hawamalizi mwaka. Familia mbili zikikutana uwandani, wazazi hugombana, na walioshinda huondoka na vifaranga wa pande zote mbili, ndiyo maana waweza kumwona dume na jike mmoja wakifuatwa na vifaranga 30 au 40. Mpango wote umejengwa juu ya wingi na umbali: majike wengi wa kuchagua viota vingi, madume wengi wa kushindana, uwanda mpana wa kupoteza na bado ukabakiwa na kitu.

Sasa chukua dume mmoja na majike wawili uwafungie nyuma ya jiko la nyama choma. Mayai yataokotwa na kuwekwa kwenye mashine ya kutotolesha. Hakuna ubaya, huo ni ufugaji, na Kitengela mbuni wamefugwa kwa nyama, ngozi na mayai kwa miaka mingi bila mtu kudanganyana. Lakini kifaranga aliyelelewa na mtu humwona mtu kuwa ndiye mwenzake. Akikomaa, shingo na miguu ya dume ikianza kuwa myekundu, atamchezea ngoma yake ya mapenzi mhudumu anayemletea luseni, au atampiga teke kwa wivu. Ukimpeleka Tsavo kesho hajui simba ni nani. Hajafunzwa na yeyote.

Halafu kuna tumbo. Mbuni hana meno. Humeza changarawe zikakaa kwenye firigisi na kumsagia majani. Akiwa nyikani humeza mawe. Akiwa karibu na watu humeza vifuniko vya soda, misumari, vipande vya waya wa seng'enge yenyewe, sarafu, vishikizo vya nywele. Waya hutoboa firigisi, na mnyama hunyauka taratibu huku akiendelea kupigwa picha. Daktari wa mifugo anayemjua mbuni huku Pwani utamtafuta.

Na kuna la damu. Kenya ina mbuni wa aina mbili. Yule wa kusini, wa Umasaini na Mbuga ya Nairobi, ana shingo na mapaja ya waridi, naye hupenda uwanda wa nyasi. Yule wa kaskazini, mbuni wa Kisomali, ana shingo ya buluu iliyochanganyika na kijivu na hupenda vichaka. Wanasayansi siku hizi wanamhesabu kuwa spishi ya peke yake, na tangu mwaka 2014 ameorodheshwa kuwa hatarini. Tsavo ni mojawapo ya sehemu chache duniani ambako wawili hawa hukaribiana, na dereva mwenye macho anaweza kumwonyesha mgeni wake wote wawili katika safari moja. Mwenye ekari tano hununua mbuni penye bei nzuri. Haulizi shingo ina rangi gani.

Najua nitaulizwa: mbona kifaru ameokolewa na ua? Swali la haki. Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, ilianza mwaka 1986 na vifaru wachache mno kwenye kipande kidogo sana, ikapanuliwa hatua kwa hatua, na leo vifaru weusi wanazaliana humo. Kule Ishaqbini, Garissa, jamii yenyewe iliwazungushia hirola ua mwaka 2012, ilipobaki dalili ya swala huyo kutoweka kabisa duniani, na wakaongezeka. Sibishi hata kidogo. Adui wa kifaru ni mtu mwenye bunduki, na adui wa ndama wa hirola ni simba na fisi. Adui wa aina hiyo, ukuta unamzuia. Adui wa mbuni ni kubanwa. Huwezi kumtibu aliyebanwa kwa kumbana zaidi.

Hata kwa kifaru, ua bila kazi ni kaburi. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 walitolewa Nairobi na Nakuru wakapelekwa kwenye makao mapya yaliyozungushiwa ua ndani ya Tsavo Mashariki. Maji ya visima vya huko yalikuwa na chumvi kali. Kumi walikufa kwa yale yaliyotokana na maji hayo, na wa kumi na moja, aliyekuwa taabani, akashambuliwa na simba. Maji ya Tsavo yana chumvi, kila mchunga ng'ombe wa Voi anajua.

Na kama mtu anataka ua wa kumwokoa mbuni, mfano upo, ng'ambo tu ya bahari hii yetu. Mbuni wa Arabuni walikwisha katika karne iliyopita, walipofukuzwa kwa magari na bunduki mpaka hakubaki hata mmoja. Wasaudi wakaleta mbuni wa shingo nyekundu wanaofanana nao, na kuanzia mwaka 1994 wakawaachia Mahazat as-Sayd, jangwa lililozungushiwa ua. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Mbuga ya Nairobi nzima ni 117. Na hata huko kwenye eneo la kupotelea, miaka ya ukame choroa weupe na swala walikufa kwa mamia, kwa kuwa mvua ilinyesha upande wa pili na ua ukawazuia kuifuata.

Turudi kwetu. Tsavo Mashariki na Magharibi kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000, na mtu angesema hapo mbuni ana nafasi. Anayo, ila nafasi hiyo haiishii kwenye mpaka wa mbuga. Kati ya mbuga hizo mbili na kuzunguka Kasigau kuna ranchi za Taita Taveta, Rukinga, Taita, LUMO na wenzake, ambako wanyama hupita na kurudi kufuata mvua. Kusini ya Nairobi ni hadithi ile ile: mbuga ina ua pande tatu, na upande wa nne unatazama Kitengela, ambako ukipita leo unaona mawe ya mipaka, mabati na mabango ya ploti za robo ekari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia hesabu zilizofanywa kutoka angani tangu 1977, ulionyesha kwamba wanyama wakubwa wa nyika za Kenya wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Mwaka huo wa 1977 ndio Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Kwa hiyo tumewapoteza wakati bunduki za halali zimenyamaza, kwa kigingi na waya.

Reli ya SGR ilipokamilika mwaka 2017 ilipita katikati ya Tsavo juu ya tuta lenye ua. Wajenzi waliacha madaraja na njia za chini, na tembo, ambaye ana akili ya kukumbuka, alijifunza kuzitumia. Mbuni nimemwona akitembea kando ya ua ule, akienda, akirudi, akisimama, kama abiria aliyeachwa na basi. Anaweza kukimbia kilomita 70 kwa saa, lakini hajui kuinama.

Wanaoishi na mbuni huyu ni wafugaji. Zaidi ya nusu ya Kaunti ya Taita Taveta ni mbuga, na Mtaita ambaye mahindi yake yameliwa na tembo usiku mmoja hahitaji hotuba yangu kuhusu wanyamapori. Kwa bahati mbuni hamdai kitu. Havunji ghala, hali mbuzi, na ng'ombe wakilisha naye karibu, shingo ile ndefu humwona simba kabla ya mchungaji. Kosa lake ni kwamba yai lake moja linatosha familia nzima kwa chakula cha asubuhi. Kijana aliyeshinda na njaa nyuma ya ng'ombe akikuta kiota, atafanya nini? Mimi ningekula.

Huyo kijana ndiye mhifadhi wa mbuni, apende asipende, na hapati hata shilingi. Mwenye bembea anapata kiingilio kila Jumapili.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inamtaka mfugaji wa mbuni awe na kibali cha shirika la wanyamapori, KWS. Basi kibali hicho kipewe meno. Anayeomba aonyeshe ndege ametoka wapi na ni wa shingo gani, daktari ni nani, uwanja ni wa ukubwa gani, na nani atakuwa anaokota vifuniko vya soda. Chipsi zipigwe marufuku. Akitimiza hayo, karibu, afungue, na serikali ya kaunti imsaidie kwa basi la kuwaleta watoto wa shule za umma siku za wiki ambapo spika zimezimwa. Lakini asipewe cheti wala hotuba ya uhifadhi mpaka sehemu ya kila tiketi anayouza iwe inakwenda kwenye ardhi ambako mbuni wanaishi kweli.

Ikienda, isiishie kwenye ofisi yenye kiyoyozi Voi au Wundanyi. Ranchi zina vijana wa doria wanaozijua nyayo zote. Kiota cha mbuni hakihami, na kulaliwa kwake ni wiki sita tu. Mchungaji atakayekionyesha asajiliwe yeye na kiota chake, kijana wa doria akitembelee, na kama hakuna binadamu aliyekigusa hadi mwisho, alipwe, hata kama fisi walikula nusu ya mayai, maana fisi naye ana haki yake. Malipo yakizidi bei ya yai sokoni, hakuna atakayehitaji kuhubiriwa. Na wenye ranchi wanaofikiria kugawanya ardhi wawe na kitu cha kulinganisha na pesa ya dalali kabla hawajatia sahihi.

Ninaloomba la mwisho ni la kiutendaji, na nalisema kwa kuwa nimeishi na malipo ya serikali. Pesa hiyo itumwe kwa M-Pesa siku ile ile kiota kinapothibitishwa kuwa hakikuguswa, kwa simu ya mchungaji mwenyewe. Isisubiri kamati, wala mwisho wa mwaka wa fedha.